Fundi Pasi Afunga Tabo

Shemeji yangu ni fundi wa injini ambaye ovaroli yake hupigwa pasi. Mtaani wanamwita Fundi Pasi, naye hudhani wanamsifu. Ukimpelekea injini iliyokufa, kwanza ataifuta, kisha atapanga spana zake kwa urefu, ndipo akuulize habari za nyumbani. Nyaya zake hulala sambamba, mabomba yake hupinda kwa adabu. Dada yangu, mkewe, husema aliolewa na kabati.

Dada ndiye mwenye trekta. Ni dogo, la dizeli, silinda tatu, na hulitumia kulima mashamba ya watu. Kwenye tambarare hakuna neno, ila shamba la kilimani lilikuwa linalitoa jasho. Likifika katikati linatoa moshi mweusi, linakohoa, linazima. Na mvua zilikuwa zimebakiza wiki mbili kuanza.

"Hewa haitoshi," shemeji akatoa hukumu. "Tuliwekee tabo."

Tabo ni kikonokono cha chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni yake, na feni ya upande wa pili inaisukumia injini hewa zaidi. Shemeji alikuwa nayo moja, aliyoifungua kwenye gari dogo lililopata ajali.

"Na trekta likiharibika?" dada akauliza.

"Haliharibiki."

"Likiharibika nalipeleka kwa fundi wa njia panda. Moja kwa moja."

Shemeji alicheka, ila akaanza kuzipanga upya spana alizokwisha kuzipanga. Kutukanwa na wateja amezoea. Lakini trekta la mkewe lionekane limeegeshwa kwa fundi mwingine? Angehama mji.

Alifanya kazi siku nne, nami nikimshikia vipande vya kuchomelea. Alichonga bamba la kuunganisha tabo na njia ya moshi, akavuta bomba jembamba la kuipelekea oili kutoka kwenye injini, na bomba la pili la kuirudisha. Kabla ya kuwasha aliijaza tabo oili kwa mkono, maana feni ile ikizunguka kavu haichukui muda imekwisha. Hapo nampa haki yake.

Dada akawasha. Trekta likanguruma vizuri, likapiga mluzi mwembamba, shemeji akajishika kiuno. Halafu ukaja moshi wa bluu, mwingi, ukatufunika sote. Majirani wakafunga madirisha.

"Inajizoesha," shemeji akasema kutoka ndani ya moshi.

Dada akazima, akashuka, akachungulia chini ya tabo. Alikaa pale muda mrefu kuliko tulivyopenda.

"Baba watoto, hili bomba la kurudisha oili mbona linapanda juu kwanza?"

"Nimelipitisha sambamba na lile la maji ya kupozea injini. Lipendeze."

"Kwani oili inarudi kwa kusukumwa?"

Shemeji akainama naye kuchungulia. Haisukumwi, inashuka yenyewe, kama maji ya bafuni. Ikikuta mwinuko inajaa ndani ya tabo, inapenya hadi kwenye feni, inaungua. Jambo hilo analijua hata usingizini, akalisahau kwa ajili ya urembo! Fundi mvivu angelidondosha bomba chini tu, akapatia.

"Nimekosea," akasema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilitamani alirudie.

Akafunga bomba nene, fupi, lenye sura mbaya, likashuka wima hadi tumboni mwa injini. Asubuhi yake dada akapanda nalo kilima, jembe likiwa ardhini. Likafika katikati, likapita. Sisi wawili tulikuwa nyuma tukihema. Likafika juu kabisa, na moshi wake haukuzidi wa mvuta sigara.

Kule juu dada aliliacha lingurume taratibu ili tabo ipoe. Shemeji akamsogelea. Nilidhani anakwenda kudai sifa.

"Hivi kweli ungelipeleka kwa yule?"

"Ningelipeleka," dada akasema bila kupepesa macho. "Ila hapo wewe ndiye ungeharibika, na wewe sina pa kukupeleka."

Shemeji akashika ngazi ya trekta kwa mikono miwili, akacheka huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.