Barua ya Semeni kwa Kasi ya Mia na Hamsini

Najua utasema nilikuwa na njaa, au jua la Kilosa lilinipiga kichwani. Sema tu. Siku ile nilikula ugali na mlenda nikashiba, na saa nane mchana nilikuwa macho kabisa. Yote niliyaandika kwenye daftari jioni ile ile, nisije nikasahau hata neno moja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikasoma kompyuta miezi mitatu Morogoro. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mtu anauza kitu, mpaka kompyuta za mitumba zikawa zinashuka kutoka Dar. Mjomba wangu akanunua moja, akafungua chumba cha kuchapa barua pale Mabwerebwere, Kilosa, akaniweka mimi.

Sasa ile mashine, jamani! Unabonyeza herufi, unasubiri, ndiyo inatokea. Ukiiambia ihifadhi kitu, inakoroma kama imelala. Na mimi kusubiri siwezi, nimezaliwa hivyo.

Mwalimu wetu wa Morogoro alitufundisha ujanja mmoja. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ina mapigo yake kama moyo. Ya mjomba ilipangiwa mia moja. Lakini ndani kwenye bodi kuna vijiti vidogo kama punje za mchele, vinaitwa jampa. Ukivihamisha kwa kufuata jedwali la kwenye kijitabu, mapigo yanapanda: mia na ishirini, mia thelathini na tatu, mia na hamsini. Mashine ile ile, hununui kitu. Masharti ni haya: zima umeme kwanza, panda ngazi moja tu, washa ujaribu, halafu gusa chuma cha kupozea. Kidole kikishindwa kuvumilia mpaka uhesabu tano, shuka.

Mjomba akasafiri. Nikaona nafasi ndiyo hii.

Kabla sijafungua hata skrubu moja, akaingia msichana wa rika langu.

"Mambo?"

"Poa. Karibu."

Aliitwa Semeni, katoka Masanze, anakaa peke yake kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu bibi yake. Alikuwa na mwanya, khanga ya njano bado inanukia duka, na kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, limejikunja kama ndoano. Alitaka barua kwa mchumba wake Shabani, anayekaanga chipsi Mikumi pale mabasi yanaposimama. Shabani kamwambia, ukinikubali niandikie, nitakuja kwenu.

"Kwani kwa mkono huwezi?" nikamuuliza.

"Mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye majivu. Nataka ajue sitanii."

Nikaanza: *Mpenzi Shabani, nimekukubali.* Herufi zikawa zinatoka moja moja.

"We dada, hiyo mashine inaumwa?"

"Inafikiria."

"Mpaka imalize kufikiria nitakuwa nimezeeka hapa!" Akacheka mpaka mwanya wote ukaonekana.

Nikaona aibu. Nikahifadhi barua kwenye disketi, nikamwomba akae kibarazani dakika kumi.

Zima, chomoa, fungua. Nikahamisha jampa. Mia na ishirini. Niamini, mashine iliamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Chuma kilikuwa vuguvugu tu, nikahesabu mpaka kumi. Nikaita, "Semeni, njoo!"

Akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanenepa kidogo.

"Habari yako, mdogo wangu?"

"Nzuri, dada."

"Tuendelee. Uliishia *nimekukubali*."

Nikadhani ni dada yake. Khanga ilikuwa ya njano, lakini imefuliwa mara nyingi. Nje kulikuwa kimya, vumbi limesimama hewani, halipandi wala halishuki, na feni ya mashine inaimba kwa mbali kama vile siyo ya chumba kile. Mbona sikumwangalia vizuri? Nimejiuliza sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia kioo cha kompyuta, siyo mtu.

Tukaandika mistari miwili. Mashine ilikwenda vizuri, na hapo ndipo tamaa ilinishika. Kama mia na ishirini ni hivi, je, mia na hamsini? Nikamwambia anipishe tena. Ngazi moja nikairuka, nikapanda mbili kwa mpigo.

Nilipoita mara hii, nyayo zilikuja polepole. Akasimama mlangoni mama mwenye mvi pembeni ya uso, khanga imetoboka begani. "Shikamoo" ikanitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanya ule ule. Kovu lile lile, limeingia kwenye mikunjo ya ngozi. Akaketi, akaitazama mashine inavyovuma, akauliza kwa upole, "Hii kasi, mwanangu, unaitoa wapi?"

Nikagusa chuma. Sikufika hata mbili. Nikageuka, na pale pale nikiwa nimemkodolea macho, mvi zikawa zinatembea kichwani mwake kama moshi.

"Semeni, toka nje! Toka!"

"Barua haijaisha."

Nikang'oa waya ukutani. Nikarudisha jampa kwenye mia moja, moja ikanidondoka, nikaitafuta sakafuni huku nalia. Nikawasha. Mvi zikasimama. Lakini aliyekaa kwenye kiti alikuwa bibi kizee, mgongo umepinda.

"Subiri," nikamwambia, "nitashuka zaidi." Nikashuka mpaka sabini na tano. Mashine ikawa inatambaa. Tukakaa tunatazamana, mimi nangoja uso wake urudi. Haikurudi hata siku moja ya umri wake.

"Basi, mwanangu," akasema. "Nimalizie barua."

Nikaimalizia, herufi moja moja, nikaitoa kwenye karatasi. Mstari wa mwisho alinitajia mwenyewe: *Nakusubiri, usichelewe.* Akaikunja mara nne, akaniwekea kiganjani. "Upeleke wewe. Safari hiyo mimi siiwezi tena."

Kesho yake nikaenda Mikumi. Shabani alikuwa kijana mwembamba, fulana imelowa mafuta. Alisoma amesimama, halafu akapiga kelele, "Kanikubali!" Mwenzake wa karai la pili akamtania, "Masikini dada wa watu, kajua unavyokoroma?" Akavua aproni pale pale, akaniomba nimsindikize Masanze. Njia nzima aliniuliza Semeni mzima, kasemaje, kacheka? Nikajibu ndiyo, alicheka. Lile lingine halikutoka mdomoni.

Tulimkuta bibi amekaa mlangoni anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi. Semeni yupo?"

Alinitazama mimi kwanza. Nikaangalia chini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Semeni kaenda Kilosa kuchapisha barua. Karibu uketi."

Shabani aliketi mpaka jua likazama. Akarudi kesho yake na keshokutwa. Kisha akarudi Mikumi, na nasikia sasa ana mke. Majirani wanaamini yule bibi ni ndugu wa marehemu bibi yake Semeni, kaja kutunza nyumba.

Mjomba alikuta mashine yake kwenye mia moja, hajui lolote. Kila mwezi naenda Masanze, namchotea maji, nafagia uwanja. Hajanilaumu hata mara moja. Anachoniomba ni kimoja tu: nimsimulie Shabani alivyofurahi alipoisoma. Namsimulia kuanzia mwanzo, aproni na yote, wala siharakishi.

Na wewe unayetaka kuanza kuharakisha mashine yako, jedwali lipo, jampa zipo, na kupanda ngazi moja moja siyo dhambi. Lakini kwanza chungulia kibarazani. Kama kuna mtu anakusubiri, mhudumie kwa kasi uliyonayo, aende zake, ndipo ufungue skrubu.