Mzee Ambaye Hakuna Aliyemuuliza Jina

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi ambapo mimi, mwalimu niliyewaadhibu watoto wa Mbulu na wa Hanang kwa kosa la kuanza sentensi kwa neno "nimesikia", nilitoa habari isiyo ya kweli na wala sikujua kwamba nimeitoa. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu umepata kazi ya lango kwenye njia ya bomba la mafuta, na kwa sababu ni afadhali uyapate mambo haya kwangu niliyeyatenda kuliko uyapate mnadani Katesh, ambako tayari wameyatia chumvi.

Wazee wengi watakusimulia makosa ya ujana wao. Mimi ujanani nilikosea pia, tena sana, lakini kosa hili nililifanya nikiwa na mvi na fimbo mkononi. Elimu haina mwisho. Nilikuwa nikiwaambia hivyo wanafunzi wangu, nikidhani nawaambia wao peke yao.

Wakati huo mabomba yalikuwa yamepangwa katika kambi moja kwenye tambarare zetu, yakisubiri kufukiwa. Serikali iliagiza kwamba kila mfanyakazi, kuanzia mchomeleaji hadi mpishi, apewe mafunzo ya uelewa wa usalama: amtambue mtu asiye na ruhusa, asiguse mzigo usio na mwenyewe, atoe taarifa mapema. Kisha wangekuja wakaguzi kuyatathmini mafunzo hayo, waone kama yameingia vichwani au yamepita masikioni tu. Mkufunzi aliyeletwa alikuwa kijana hodari, lakini alizungumza kama mtu anayekimbia mvua, na vijana wetu wa Masakta na Basotu, ambao Kiswahili walikikuta shuleni, walitikisa vichwa kwa adabu bila kuambulia kitu. Serikali ya kijiji ikanipendekeza nimsaidie. Nilikubali kabla mwenyekiti hajamaliza kuniomba.

Nilifundisha kama nilivyofundisha miaka yote: swali ubaoni, jibu kwa pamoja, anayekosea anarudia akiwa amesimama. "Ukimwona mtu usiyemfahamu kambini?" Nao huitikia kwa sauti moja: nitamsimamisha, nitamwomba kitambulisho, nitatoa taarifa kwa msimamizi. Hata Mama Paulina, mpishi, aliyekuwa akisonga ugali dirishani, alijibu pamoja nao na mwiko wake hewani. Nilirudi nyumbani kila jioni nimeridhika.

Mkuu wa zamu langoni alikuwa Martina, binti niliyemfundisha tangu darasa la pili. Nyumba ya mama yake ilikuwa Jorodom, na tope lililoshuka mlimani halikuacha hata msingi. Walihamia chumba cha kupanga Masakta, na kwa mshahara wa lango Martina alikuwa akijenga upya, tofali baada ya tofali. Ulikuja waraka kambini ukisema wazi kwamba lango litapimwa mara mbili. Likishindwa mara zote mbili, ulinzi wake utakabidhiwa kwa walinzi kutoka nje ya wilaya. Martina aliusoma ule waraka akaukunja, akautia mfukoni. Nami sikumwuliza lolote, maana nilikuwa na hakika na wanafunzi wangu.

Siku ya tathmini ikafika. Wakaguzi wawili wakaja kwa gari, wakaonyesha vitambulisho, wakaandikwa kwenye daftari la wageni. Yote yalikwenda kama saa. Wakatuambia wangeanza na maswali saa nne, chini ya turubai.

Kabla ya saa nne, mzee mmoja alikuja kwa miguu kutoka upande wa mashamba ya ngano. Alijifunga shuka, nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu, na alitembea taratibu kwa fimbo ndefu. Nilikuwa nimesimama karibu na lango. Nilimwona Martina akiinuka, akishusha macho, akimwamkia shikamoo kwa mikono miwili. Mzee akaitikia marahaba, akaendelea kutembea. Nami nilimwamkia, kwa kuwa alinizidi umri. Naye akapita.

Hapa naomba unielewe, mwanangu. Kwetu mtu mzima hasimamishwi njiani akaulizwa ametoka wapi na anataka nini. Hukaribishwa, huketishwa, hupewa maji au maziwa, na baada ya hapo ndipo swali hupata njia. Kumwuliza mzee angali amesimama ni kumwambia kwamba ni mwizi. Hilo hakuna aliyetufundisha ubaoni; tumelinyonya pamoja na maziwa.

Martina alinitazama, kama anayetafuta jibu usoni pangu. Nikamwambia, kwa sauti ile ile ya darasani, "Huyo ni mzee wa kamati ya ardhi, kutoka Basotu."

Sijui niliyatoa wapi maneno hayo. Nadhani niliona shuka, nikaona upande aliotokea, akili yangu ikashona iliyobaki. Uvivu wa kuuliza, mwanangu, una cherehani yake.

Saa nne tukakusanyika. Wakaguzi wakauliza, vijana wakajibu. Walijibu kwa pamoja na mmoja mmoja, mwanzo hadi mwisho, mpaka mkaguzi mmoja akatabasamu akasema hajapata kusikia majibu yaliyonyooka hivyo. Nilijinyoosha kwenye kiti. Ndipo yule mzee akainuka kutoka nyuma, kikombe cha chai cha Mama Paulina kikiwa bado mkononi, akaja mbele akasimama katikati ya wale wakaguzi. Walimpisha kama mtu wanayemfahamu.

Akawaamkia wote, akasema yeye ni mmoja wao, mtumishi mstaafu aliyeitwa kuwasaidia. Akaomba tutazame nje. Kwenye tangi la mafuta kilining'inia kitambaa cheupe. Kingine kilikuwa kwenye jenereta, kingine kwenye rundo la mabomba, na cha nne kwenye kioo cha gari la msimamizi wa kambi. Alikuwa amevifunga mwenyewe, bila haraka, na mara mbili vijana walimshikia fimbo ili afunge vizuri.

"Kila kitambaa," alisema, "ni mahali ambapo mtu mwenye nia mbaya angeacha kitu kibaya. Sasa naomba mnisaidie. Nani kati yenu aliniuliza jina?"

Kila mmoja alimtazama jirani yake. Upepo ulipiga turubai.

Hakukasirika. Aliuliza kwa upole tu, mmoja mmoja, kama bibi anayechambua mchele. Dereva aliyemshikia fimbo alisema aliambiwa na mpishi kwamba mzee huyu ni mjomba wa msimamizi. Mama Paulina akasema hapana, yeye alisema mjomba au baba mkubwa, hakuwa na hakika, ila alijua ni mtu mkubwa kwa sababu mlinda stoo alimwambia ameletwa na wilaya. Mlinda stoo akasema aliyasikia langoni. Langoni akabaki Martina, amesimama wima, macho yake ardhini.

"Mwalimu alisema ni mzee wa kamati," alijibu.

Mzee akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, nani alikuambia?"

Mwanangu, nimesimama mbele ya maofisa elimu wakali na sijawahi kukosa jibu. Siku ile nilitafuta jina la mtu aliyeniambia, nikapita kijiji kizima kichwani, na sikumpata. Hapakuwa na mtu. Uvumi wote wa kambi ile, wa mjomba na wa wilaya, ulikuwa umechimbuka kwangu.

"Hakuna," nilisema.

Mama Paulina hakuweza kujizuia. "Kumbe tumefukuza moshi, moto uko jikoni kwa mwalimu," alisema, na watu wakacheka, nami nikastahili.

Baadaye yule mzee aliniita pembeni. Aliniambia kwamba vijana wangu hawakushindwa kwa ujinga wala kwa uzembe. Wameshindwa kwa malezi mema, akasema, na hayo mimi nayajua kuliko yeye, lakini niliwafundisha kana kwamba wamezaliwa kwenye karatasi. Nikamwuliza watarudi lini. "Nikikuambia," alisema, "utawaimbisha tena." Akaniacha na fimbo yangu.

Kesho yake nilikuja na kurasa tatu mpya za maswali. Martina alizipokea kwa heshima, akaziweka juu ya meza, akazikandamiza na jiwe zisiruke.

"Mwalimu, naomba niseme," alisema. "Hata ukinipa kurasa mia, mzee akija amesimama sitaweza kumwuliza. Mdomo wangu utakataa."

Nikamwuliza, basi tufanye nini, tuwakataze wazee kuzeeka?

Akacheka kidogo, kisha akaonyesha kwa kidole. Benchi la wageni lilikuwa ndani ya kambi, chini ya kibanda cha jikoni, na mtungi wa maji ulikuwa hapo hapo. Ili mgeni aketi, ilibidi apite lango kwanza. Na kwa kuwa hakuna anayeulizwa kabla ya kuketi, kila mwenye mvi aliulizwa akiwa tayari ameshaingia, au hakuulizwa kabisa. Martina alitaka benchi litolewe nje ya lango, na mtungi ulifuate, na kipande cha turubai cha kivuli. Mgeni aamkiwe, aketi, anywe, na hapo aulizwe kwa adabu zote, angali nje.

Miaka yangu yote ya ubao haikuwa imeona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu. Msimamizi alikubali siku hiyo hiyo, na tulilibeba benchi wenyewe, mimi nikishika upande mmoja, ingawa Mama Paulina aliniuliza kama nina hakika hilo si benchi la kamati ya ardhi.

Wiki zikapita. Asubuhi moja nilichelewa, nikavaa koti jingine, na kitambulisho changu kikabaki nyumbani. Sikujua mpaka nilipofika langoni. Kwenye benchi alikuwa ameketi bibi mmoja mwenye kikapu cha samaki wa Basotu, amekunja uso, kikombe cha maji mkononi. Nilimwamkia nikainua mguu kupita.

"Shikamoo, mwalimu," Martina alisema. "Karibu uketi."

Nilimwambia sina muda wa kuketi, nina kipindi. Akanimiminia maji. Akaomba kitambulisho. Nikapapasa mifuko yote nikiwa bado nimesimama, na hasira ikanipanda, maana vijana wa mabomba walikuwa wamesimama wakitazama.

"Nimeketi hapa tangu jua halijapata joto," bibi alisema. "Nilidhani ni sisi wauza samaki tu tunaozuiwa. Kumbe hata wenye makoti."

"Martina," nikasema, "unanijua tangu ukiwa huwezi kufunga kamba za viatu."

Aliniwekea kikombe kwenye benchi, kisha akarudi kusimama mbele yangu. Hakusogea.

"Nakujua, mwalimu," alisema. "Hata yule mzee wa siku ile, wote tulimjua."

Nikaketi. Martina akamwita msimamizi kwa simu ya upepo, akaeleza kwamba langoni wapo wawili: mmoja anasema ni shangazi wa mpishi, mwingine anasema ni mwalimu, na wote hawana kitambulisho. Tulisubiri, mimi na bibi, bega kwa bega, samaki wakinuka, mpaka msimamizi akaja mwenyewe kunithibitisha. Alipomgeukia bibi, bibi akafunua majani ya kikapu, akatoa samaki wawili, na chini yao akatoa jalada la serikali lililofungwa kwa mfuko wa nailoni.

Alikuwa mkaguzi wa safari ya pili. Aliandika alichoandika hapo hapo juu ya goti lake. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Angekuruhusu wewe, ningeinuka na kikapu changu nikaingia nyuma yako, na lango hili leo lingekuwa la watu wengine."

Lango lilibaki kwa vijana wetu. Nyumba ya Martina imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Nimekwenda nikaiona kwa macho yangu, sikuambiwa.

Basi sikia, mwanangu, unapokwenda kushika kazi hiyo. Heshima si utumwa, na kuuliza si ujinga. Mpe mkubwa heshima yake yote, amkia kwa mikono miwili, mketishe, mpe maji. Kisha muulize, na usione haya, kwa maana mzee mwenye nia njema ataona kwamba umelelewa, na asiye na nia njema ataona kwamba umeamka. Usiruhusu mtu apite kwa sababu fulani amesema. Mtafute huyo fulani. Mara nyingi utakuta hayupo, na wakati mwingine, kama mimi, utakuta ni wewe. Na watakapokuja kukupima, usijifunze kuwaridhisha wapimaji. Jifunze kazi, nao watairidhia wenyewe. Nami nikifika langoni kwako nimesahau kitambulisho, nizuie. Nitakunja uso, ndiyo tabia yangu, lakini moyoni nitakuwa nakuombea.

Nenda salama. Mungu akupe macho yaonayo na ulimi wenye adabu, akulinde wewe na wale unaowalinda, mvua ikukute umeshaezeka, na wanao waje wakuamkie shikamoo ukiwa na mvi nyingi kuliko zangu.