Siku Nilimuuliza Cucu Ako na Watoto Wangapi

Nyanya yangu alinimwagia uji wa moto kifuani. Kisa? Nilimuuliza ako na watoto wangapi.

Msicheke. Alama ninayo hadi leo.

Ilikuwa 1985. Nilikuwa yunivasiti Nairobi, nasomea mambo ya uzee na familia. Watu wa kwetu Ruring'u walinicheka sana, ati Watiri ameenda Nairobi kusomea wazee na wazee wamejaa hapa nyumbani.

Profesa alitutuma nyumbani wiki mbili. Kila mmoja akae na mzee mmoja, ajaze fomu ya maswali, halafu mwenye boma aweke sahihi. Ukikosa sahihi, unarudia mwaka.

Nikamchagua Cucu Kabura, mamake baba. Macho yalikuwa yamefifia na miguu imekataa. Aliishi kwa anko Kingori, ndugu mdogo wa baba. Mwanamume wa sauti kubwa na mdomo mchafu.

Swali la nne ndilo hilo la watoto. Sasa, kwetu watu hawahesabiwi. Ukihesabu watoto wa mtu unawaitia mkosi, hata mtoto mdogo anajua. Lakini mimi si nilikuwa msomi bwana! Nikauliza tu, kalamu juu.

Cucu alikuwa ameshika bakuli lake la uji.

"Andika tano," anko Kingori akamjibia. "Wanaume watano."

Hapo ndipo uji uliruka.

"Unaona sasa?" anko akanifokea, mimi natafuta maji nikilia. "Unatuletea mikosi na hiyo makaratasi yako! Mjinga wewe!"

Nikaandika pembeni: mzee bado ameshikilia mila za kale. Nikajiona mjanja.

Swali la tano. Nani anamwosha na kumlisha?

"Mimi na mama watoto," anko akajibu. "Andika hivyo."

Nikaandika hivyo.

Alhamisi anko akaenda kiwanda cha kahawa, mkewe akaenda shamba. Nikiwa jikoni nikasikia Cucu anacheka. Cucu! Tangu nifike hata meno yake sikuwa nimeyaona.

Kuchungulia, kuna mama wa makamo amevaa buibui. Ameweka miguu ya Cucu kwenye beseni ya maji, anamkata kucha. Kando kuna sufuria ya mchuzi.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza kwa ukali.

"Naitwa Subira, natoka mtaa wa Majengo, hapa karibu. Zamani niliitwa Wakonyo." Hakuinua macho. "Mimi ni shangazi yako."

Miaka ishirini na mbili niko duniani, hakuna mtu aliwahi kunitajia! Aliolewa na Mwislamu, akasilimu, na ndugu zake wakakata kauli kwamba mama yao hakuzaa msichana. Babangu akiwa mmoja wao. Kila Alhamisi Subira alipitia nyuma ya ua kuja kumwosha mamake, kwa sababu huyo mama watoto wa anko alikuwa anaweka sahani mlangoni na kwenda zake.

Cucu akanishika mkono.

"Wewe wa masomo. Ulifikiri nilikasirika juu ya kuhesabiwa? Nilikasirika juu mmoja ameachwa. Andika sita, halafu unisomee. Nataka kusikia."

Nilikuwa bado natafuta kalamu anko alipoingia. Alikuwa amesahau stakabadhi zake za kahawa.

Akapiga beseni teke. Maji yakamrukia Cucu.

"Toka! Hapa si msikiti! Nilikwambia nikikupata hapa nitakuvunja miguu!"

Subira akachukua sufuria yake, akatoka bila kukimbia. Anko akanigeukia mimi.

"Na wewe, ukiandika sita, utafute mwenye ataweka sahihi."

Nikaacha tano. Nasema wazi, niliogopa kurudia mwaka. Anko akaweka sahihi.

"Umeandika ngapi?" Cucu akauliza.

Nikafunga begi.

Nikapita vizuri. Profesa akanisifu hasa kwa kile kipande cha mila za kale.

Cucu alikufa 1987. Siku ya mazishi anko akanipa historia ya marehemu nisome, ati mimi ndio msomi wa wazee. Watoto watano. Subira alikuwa amesimama nje ya ua, peke yake.

Nikashika maiki.

"Cucu Kabura alikuwa na watoto sita," nikasema. "Wa sita ni Wakonyo, yule pale nje. Yeye ndiye alikuwa anamwosha."

Watu wakaguna. Anko akaninyang'anya maiki na kunisukuma, nusura nitumbukie kaburini. Sikujali. Nikakimbia hadi nje ya ua, nikijua shangazi atanikumbatia.

Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Hao wote walikuwa wanajua tuko sita," akasema. "Ni mama alitaka kusikia. Mpaka wiki ya mwisho, nikija kwa kujificha, aliniuliza, yule msichana aliandika? Nilijua uliacha tano, lakini nikamdanganya ati uliandika. Mimi, mtu wa swala tano, nikadanganya mama yangu akikata roho, juu yako."

Akaondoka. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo, hakuwahi kunifungulia mlango.

Nyinyi mnaosoma hii, kama kuna neno mzee wako anataka kusikia, mwambie leo akiwa na masikio. Msingoje maiki ya mazishi. Mimi niliingoja, na siku hiyo nilikuwa najisafisha mwenyewe tu.