Siku Georgette Alipoitika Kwenye Maji

Huko Bwegera, mtu alihesabika kuwa mzima siku alipoitika kwenye mfereji wa mpunga. Wenye mashamba walikusanyika asubuhi, mzee wa maji akaita shamba moja moja, na aliyejibu "niko" ndiye aliyefungua maji. Shamba la marehemu Norbert lilipoitwa, kwa miaka sita aliyejibu alikuwa mdogo wake, Félicien.

Norbert alifariki wiki moja kabla ya uhuru, mwaka wa sitini. Aliagiza mbele ya majirani kwamba binti yake wa pekee, Georgette, ataitika mwenyewe akitimiza miaka ishirini na moja. Wakati huo alikuwa na kumi na minne. Tangu hapo alihesabu miaka. Waasi walipoingia bondeni na watu wakakimbilia milima ya Bijombo, alihesabu huko huko, tumbo tupu, akilala kwenye vibanda vya wafugaji.

Waliporudi, mwaka wa sitini na sita, nyumba zilikuwa majivu na mfereji umejaa matete. Karte yake ya ubatizo, yenye tarehe yake ya kuzaliwa, ishirini Novemba, ilikuwa imeungua ndani ya sanduku la mama yake. Siku ilipokaribia, alimkumbusha Félicien ahadi. Félicien hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelizoea shamba kama mguu unavyozoea kiatu cha kuazima.

"Karte iko wapi?" akamwuliza. "Bila karte weye uko mtoto tu. Meno ya utoto yamekwisha kung'oka?"

Waliokuwapo wakacheka. Georgette alicheka nao, kisha akaenda nyuma ya ghala akalia, maana aliona miaka yote ile imeteketea na karatasi moja.

Kabla ya maji kufunguliwa, kila mwenye shamba alizibua kipande chake, hatua thelathini. Watoto walibeba matope tu. Kumpa mtoto kipande lilikuwa kosa la kutozwa mbuzi mzima, kwani ukingo uliochimbwa vibaya uliwahi kubomoka ukazamisha mpunga wa kijiji. Wiki hiyo mguu wa Félicien ulivimba. Bila kufikiri, akamtuma Georgette na jembe. Alichimba siku tatu, matope kiunoni, akaushindilia ukingo kwa nyayo zake mpaka ukawa mgumu kama sakafu.

Asubuhi ya tarehe ishirini, mzee wa maji, Protais, akaita shamba la Norbert. Félicien alikohoa ili ajibu. Protais akainua fimbo.

"Ngoja, Félicien. Kipande hiki nani alikichimba?"

"Huyu mwana. Minye nilikuwa mgonjwa."

"Mwana?" Protais aliutazama ukingo, akaukanyaga, haukutikisika. "Basi ulete mbuzi. Ama useme mbele ya watu kwamba uliyemtuma ni mtu mzima."

Kicheko kikapita mfereji mzima, na safari hii hakikuwa cha kumcheka Georgette. Félicien aliuangalia mguu wake, akamwangalia binti wa kaka yake, matope bado kwenye kucha. Kisha naye akaanza kucheka, polepole, kama mtu anayetua mzigo.

"Mbuzi sina," akasema. "Ita tena, mzee."

Protais akaita tena.

"Niko," Georgette akajibu.

Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. Ilikuwa nzito kama ya baba yake. Akauvuta udongo kwa jembe, na maji yakaingia shambani, mekundu, yakisukuma majivu ya vita mbele yake.