Gari Lisilo na Rivasi

Niliuliza injini ina nguvu kiasi gani. Niliuliza inakula mafuta vipi. Nikainama nikanusa oili kama mtu anayejua anachonusa. Swali moja tu sikuliuliza, lile ambalo marehemu baba yangu alikuwa akiliuliza hata akinunua jembe lililotumika: mwenyewe yuko wapi?

Fundi wa kuchomelea pale Kayanga naye hakusema. Injini ilikuwa mezani kwake, imefunikwa gunia, na alipolivuta gunia nikaona ni safi kuliko kitu chochote kibandani mle, kama imeogeshwa. Mtu mwenye akili angejiuliza ni nani anayeogesha injini, na kwa sababu gani. Mimi nikafurahi kwamba sitachafua nguo.

Nieleze kwanza kwa nini mtu kama mimi alitaka gari. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikishuka tu stendi ya Kayanga naanza kuulizia habari za nyumbani kama mtu aliyehamia ng'ambo. Lakini nina shamba la pili kule bondeni, na ndizi hazipandi kilima zenyewe. Kwa miaka nilikuwa nazipandisha kwa baiskeli, mikungu imefungwa huku na huku, mimi nyuma nasukuma huku mgongo ukinisema. Ndipo siku moja nikaona kwenye simu watu wa nchi fulani ya mchanga wakiruka matuta na kigari cha mabomba, hakina paa wala mlango, kinaendeshwa na injini ya pikipiki.

"Na mimi natengeneza kama hiki," nikamwambia mke wangu.

"Wewe uliyeshindwa kutengeneza mlango wa choo?"

"Mlango hauna injini."

"Basi shukuru. Usio na injini ulikuangukia kichwani."

Tukalitengeneza uani kwangu, mimi na fundi. Nikisema "tukalitengeneza" namaanisha yeye alichomelea na mimi nikashikilia bomba na kupiga kelele cheche zikinirukia. Fremu ilikuwa ya mabomba ya maji. Magurudumu manne, yote ya pikipiki. Kiti cha plastiki tulikikata miguu tukakifunga kwa nati. Fundi alikuja pia na vitu vilivyokuwa pamoja na ile injini: mnyororo, tenki, nyaya, na honi.

"Honi ninayo nyingine," nikasema.

"Acha hiyohiyo," alisema. "Vimezoeana."

Gari lilikuwa na kasoro mbili, na zote mbili nilizijua. Ya kwanza, mnyororo ulisukuma gurudumu moja tu la nyuma, la kushoto, kwa hiyo gari zima lilipenda kwenda kulia. Ungelinyoosha lingekutii kidogo, halafu taratibu, kama ng'ombe anayekumbuka zizi, lingeanza tena kuelekea kulia. Ya pili, injini ya pikipiki haina rivasi. Ukishafika mahali, huwezi kurudi kinyumenyume. Ni lazima upate uwazi wa kugeuzia.

Siku tulipounganisha betri nikabonyeza honi. Ililia mlio mwembamba uliopanda, ukakatika, kisha ukashuka polepole kama mtu anayeita akiwa anateremka kisimani. Kuku wakatulia. Mke wangu akatoka jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi, maganda yakining'inia kwenye vidole vyake.

"Hiyo honi mmeitoa wapi?"

Wakati huohuo na mimi nilikuwa nimeitambua. Nilikuwa nimeisikia jioni nyingi mno. Upande wa pili wa bonde anakaa mama mmoja mjane, na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, dereva wa bodaboda. Kila alipokuwa akirudi, akifika konani chini ya mji wao, alipiga honi hiyo ili mama yake aepue chungu. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye njia ya kwenda Kyerwa. Hakurudi akiwa anaendesha.

"Ni ya marehemu," mke wangu alisema. "Na injini pia, siyo?"

Tukamtazama fundi. "Injini ni injini," akasema, akashusha miwani yake ya kuchomelea, ingawa hapakuwa na kitu cha kuchomelea.

Ijulikane kwamba mazishini sikwenda. Nilikuwa na malaria, malaria ya kweli, msicheke. Mke wangu alikwenda na mkungu wa ndizi na maharage, akakaa matangani kwa niaba yetu. Sasa akanitazama, akasema, "Kamwambie mama yake, waitu, nakusihi. Asisikie kwa honi."

"Kesho," nikasema. Na kesho yake nikasema hivyohivyo.

Kumbe njia yenyewe ilikuwa imeshaamua. Njia ya bondeni ni nyembamba, migomba huku, mibuni huku. Ukifika shambani kwangu huwezi kugeuza, kwani kulia kuna mtaro na kushoto kuna kinamasi. Inabidi uendelee, upande kilima, upite kona, utokee uani kwa yule mama. Hapo ndipo penye uwazi. Unageuza, unarudi shambani, unapakia. Kila safari ya ndizi, basi, nililazimika kwanza kufika kwake.

Nilijiapiza sitaigusa honi. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umejaa bondeni hadi migomba ilionekana vichwa tu. Nikafika kwenye kona. Pale pana shimo lililochimbwa na maji, na gurudumu la mbele lilipoingia, honi ikalia yenyewe. Ikapanda, ikakatika, ikashuka. Mahali palepale alipokuwa akiipiga marehemu.

Nitawaambia sasa kwamba waya ulikuwa umechubuka na kugusa bomba. Asubuhi ile sikuwa najua habari za waya. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, na hata usukani ulikuwa haunisikilizi. Gari lilikuwa linavuta kulia, na mji wa yule mama uko kulia.

Alikuwa amesimama uani, pembeni, penye migomba na majani makavu yaliyotandazwa. Kanga nyeupe kichwani, fimbo mkononi. Hakushtuka.

"Umefika," alisema.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa tayari nageuza, majani yakiruka.

"Marahaba." Macho yake hayakunitazama usoni. Yalifuata magurudumu mpaka nilipozama tena kwenye ukungu.

Ikawa hivyo kila safari. Honi ilinitangulia, nami nikifika namkuta pale pale, fimbo mkono uleule, kama mti uliopandwa. Kuna siku nilizima ufunguo nikiwa uani kwake, nikidhani leo nitashuka nimwambie. Injini haikuzimika. Iliendelea kuguna, ikanyamaza, ikaguna tena mara moja, kama mtu aliyekumbuka neno la mwisho. Nikaliwasha nikakimbia. Fundi alinieleza baadaye kwamba injini iliyopanda kilima ikapata joto sana hufanya hivyo. Sawa. Lakini kilima cha kwangu ni kikali zaidi na kwangu haikufanya hivyo hata siku moja.

Halafu mke wangu akarudi kutoka sala za jumuiya akiwa hana utani.

"Yule mama haji tena jumuiya. Gulioni haendi. Kahawa yake imeiva mpaka inaanguka, hachumi. Wanawake wakamfuata. Anasema hawezi kutoka nyumbani, kuna anayekuja na lazima amkute."

"Nani anayekuja?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye nina gari?" Akakaa chini. "Atapotea akili yule mama, na wewe ndiye utakuwa umempoteza. Kwa sababu ya uvivu wa kusukuma baiskeli."

Usingizi ulikuja kwa shida. Nilimwona yule mama akisimama pale mwaka mzima, kahawa inaoza, akingoja mtoto ambaye namletea sauti yake tu. Kulipokucha niliing'oa honi, nikaitia kwenye kopo la rangi, nikalifungia stoo. Nikaapa: leo nafika, nazima, nashuka, namwambia. Akitaka injini irudi kwake, irudi. Akitaka nilivunje gari, nitalivunja, nirudi kwenye baiskeli na mgongo wangu.

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nikapita konani, gurudumu likaingia shimoni. Kimya. Niliposikia kile kimya nilitamani honi ilie.

Nikatokea uani. Alikuwa ameshasimama.

Nikazima ufunguo. Injini ikaguna, ikaguna, ikatulia. Nikashuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umeshuka."

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Hii injini..."

"Ni ya mwanangu. Unafikiri mimi siijui? Nimeipikia chakula miaka yote hiyo."

"Na honi, mama. Ilikuwa inalia yenyewe, sikuwa naibonyeza. Nimeitoa. Haitakusumbua tena."

Akageuza kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umeitoa lini?"

"Leo alfajiri. Iko stoo, kwenye kopo."

Matone ya ukungu yalikuwa yanaanguka kutoka jani hadi jani. "Nimeisikia sasa hivi," alisema. "Ndiyo iliyonitoa jikoni."

Nilitazama kule konani, nikaona weupe tu. Kisha nikamwambia lile nililokuwa nimekuja nalo: kwamba mwanawe hatarudi, kwamba hana haja ya kusimama hapa kila siku kumngoja, aende gulioni, aende jumuiya, achume kahawa yake.

"Kumngoja nani?" akauliza. "Nakungoja wewe."

Akashusha fimbo, akasukuma kando yale majani makavu ya migomba. Chini yake palikuwa na tuta la udongo, bado halijajengewa, na msalaba mdogo wa mti uliolala upande. Pembeni mwa tuta, karibu kabisa, ulipita mstari wa tairi. Wangu. Juu yake mwingine, umesogea zaidi. Na mwingine. Yote ilikuwa imevutwa kulia.

Akaunyanyua msalaba, akaushindilia kwa kisigino, kisha akaniambia:

"Mwanangu hajanitia wazimu, ni wewe hujui kuendesha. Nimemzika mara moja, na nisiposimama hapa na fimbo utamzika mara ya pili."