Nilimlilia Mpangaji Wetu

Juzi, kwenye baa moja karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, runinga ilimwonyesha mzee mwenye mvi akifa katika filamu. Nilimtambua. Zamani, kabla hajajulikana, mwigizaji huyo kutoka Wales alipanga chumba kwetu, mtaa wa Anderlecht; tulimwita tonton, yaani mjomba, naye akila kwa vidole sombe ya mama, ile mboga ya majani ya muhogo.

Alasiri moja alitualika kwenye ukumbi wa maigizo ulionuka vumbi na makoti yaliyolowa mvua. Alikuwa mfalme. Alipochomwa upanga akaanguka, sikujua kwamba watu hukusanyika kutazama kifo cha uongo. Nilijua tu kwamba kwetu watu wa Kivu, mtu wa nyumbani akifa, hukai kimya. Nikavua viatu kama mfiwa, nikaangua kilio.

"Yoo, tonton wetu! Nani atakula sombe yako?"

"Tulia, mutoto!" mama alininong'oneza kwa aibu. "Iko nacheza tu!"

Nililia mpaka pazia likafungwa. Lilipofunguliwa, marehemu alikuwa amesimama. Aliwainamia watu wote, kisha akavua taji, akatuinamia sisi peke yetu.

Pale baa, mhudumu alikuwa akifuta machozi.

"Huyo," nilimwambia, "mimi ndiye niliyemlilia wa kwanza."