Baba Mkwe Aliyenipisha Njia

Kwa miaka kadhaa niliishi jirani na mzee Hezroni bila kuuona uso wake. Nilikuwa nimeolewa na mwanawe Eliya, huko Katumba Songwe, na nyumba yetu ilitengwa na ya wazazi wake kwa migomba tu. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa mlio wa baiskeli yake isiyo na breki, na kwa nyayo zake, maana kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikugusa ardhi.

Ndiyo desturi yetu Wanyakyusa. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe, hamsemeshi wala hatamki jina lake. Wakikaribiana njiani, mwanamke ndiye anayejificha, hata kama ana ndoo kichwani.

Mzee Hezroni alikuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mchungaji alikaa mbali na kutufikia mara chache, kwa hiyo Jumapili nyingi yeye ndiye aliyeongoza ibada. Siku za kwanza za ndoa yangu nilikuwa natoka kuteka maji nikasikia kikohozi chake mbele yangu. Kushoto majaruba ya mpunga, kulia majaruba. Nikasimama, nikiwaza nitumbukie upande gani na ndoo yangu. Kabla sijaamua, nikasikia chubwi. Yeye ndiye aliyeshuka. Alisimama kwenye tope na suruali yake ya ibada, mgongo kwangu, akitazama Milima ya Livingstone kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nikapita.

Tangu siku hiyo alifanya hivyo kila mara, na watu wakaona. Mama mkwe wangu, Tupokigwe, alinisimulia jinsi mzee Jackson, mzee mwenzake wa kanisa, alivyomkabili mumewe nje ya kanisa.

"Mwenyekiti, siku hizi umekuwa chura?"

"Mwenye mzigo ndiye apishwe," baba mkwe akamjibu. "Yeye alikuwa na maji. Mimi nilikuwa na Biblia tu."

"Kwani Biblia si mzigo?"

"Kwako labda."

Jackson alicheka na wengine, lakini hakuridhika. Aliona kiongozi anayeingia matopeni kwa ajili ya mkwe anashusha heshima ya wazee wote.

Mahubiri ya mzee Hezroni yalikuwa mafupi. Lililonikaa zaidi ni lile la Bwana Yesu kuwaosha wanafunzi miguu. Nilisikiliza nikiwa upande wa wanawake, kitenge kimenifunika hadi kwenye nyusi. "Angalieni," alisema, "kwanza aliondoka mezani. Hakuna anayeosha miguu ya mwenzake akiwa amekaa kwenye kiti chake." Akafunga Biblia, tukaimba.

Jumapili nyingine nilipewa zamu ya kusoma ukoo wa Bwana Yesu katika Mathayo. Sikukumbuka kwamba mle ndani kuna Hesroni, jina lilelile la baba mkwe. Nilipolifikia jina hilo nikakwama, kidole kwenye mstari. Wanawake wakaanza kubanana mbavu. Kisha mbele kikasikika kile kikohozi, na sauti yake ikalitamka jina kwa niaba yangu, taratibu, kama sehemu ya ibada. Nikaendelea na aliyefuata.

Masika ya mwaka 1994 Mto Songwe ulifurika. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mchele unauzwa kwa yeyote mwenye lori, na vijana wengi wakivuka mto kwenda Karonga, nchi jirani, na kurudi na sabuni na vitenge. Eliya alikuwa ng'ambo, maji yamemzuia. Mama mkwe alikuwa msibani Mbugani, naye barabara imemkatikia. Mimi nilikuwa na mimba iliyotimia. Katika ile ya kwanza nilimpoteza mtoto kwa sababu nilichelewa kufika zahanati, na kwa mimba hii niliomba jambo moja tu, nisichelewe tena.

Majirani walihamia kwenye mwinuko wa kanisani. Kila mmoja alidhani nimeondoka na mwenzake. Uchungu ukanianza peke yangu, maji yakiwa yameshaingia jikoni.

Ndipo nikasikia kikohozi uani. Baba mkwe alikuwa amemfuata ndama aliyesahaulika. Nilichofanya hapo, hadi leo hakiniingii akilini. Badala ya kuita, nilijibanza nyuma ya mlango na kubana pumzi. Mwili ulikuwa umezoea hivyo. Nikamsikia akimfungua ndama, akianza kuondoka, miguu yake ikichota maji. Nikawaza mtoto wangu. Nikachukua mwiko nikagonga sufuria.

Hatua zikasimama.

"Nyumba hii," akauliza, "ina mtu?"

Nikaujibu ukuta. "Nyumba ina mtu. Na mtu ana uchungu."

Alimwachia ndama ajitafutie njia, akaenda kuleta mtumbwi wa kuvushia mpunga. Alivua koti lake la ibada, akalitandika ndani ya mtumbwi, akarudi nyuma ya migomba mpaka nilipoketi. Kisha akashika kamba, akaingia majini na kuanza kunivuta, maji yakimfika kifuani, mgongo kwangu njia nzima.

"Mtumbwi," alisema, "mwambie uliyembeba ashike kingo zote mbili."

"Mtumbwi, mwambie anayekuvuta nimeshika."

"Mwulize kama uchungu unakaribiana."

"Mwambie unakaribiana sana."

"Basi mwambie tuko kwenye shamba la Jackson. Na mpunga wake una magugu mengi, ndiyo maana tunakwenda polepole."

Nilicheka na kulia pamoja. Mbele ya zahanati kuna mfereji, na siku ile ulikuwa mto. Mtumbwi ukagonga kisiki, ukalala ubavu, nikaanza kuteleza majini. Mzee Hezroni akaiachia kamba na kugeuka.

"Ikupa, mwanangu. Nishike shingo."

Hakuwa amewahi kulitaja jina langu. Nikamshika. Nikauona uso wake karibu kuliko nilivyowahi kuuona uso wa baba yangu mzazi. Ulikuwa mwembamba, una kovu chini ya jicho, na ulikuwa na hofu.

Ng'ambo ya mfereji wanaume walikuwa wakihamisha magunia. Jackson alituona wa kwanza.

"Mwenyekiti, umembeba mke wa mwanao?"

"Nimembeba. Lete kikao chako kesho, nitakuja. Sasa mshike miguu, mimi nimechoka."

Jackson alisita. Kisha akaingia majini na viatu vyake, akanishika miguu.

Tumpale alizaliwa muda mfupi baada ya mimi kulazwa kitandani. Mkunga alimgeuza, akampiga mgongoni, mtoto akalia. Nje ya dirisha nikasikia kikohozi, halafu sauti ya Jackson ikisema, "Basi kaa chini, mzee, unatetemeka."

Kikao kilifanyika maji yalipopungua. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyelileta jambo, akasimama, akasema kama nafasi yake inahitaji mtu ambaye asingenibeba, wamchague mtu huyo. Jackson alisema yeye naye alishika miguu, kwa hiyo kama ni kosa, ni la wote wawili. Wazee wakafunga kwa sala.

Baadaye mzee Hezroni alimtuma mama mkwe kuniuliza swali. Je, baada ya yaliyotokea, mimi ningependa tuendelee kujificha, au tusalimiane? Lolote nitakalochagua yeye atalifuata. Nilikaa na swali hilo siku nzima, kwani hakuna aliyewahi kumwuliza mkwe yeyote ninayemfahamu anataka nini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa natoka kuteka maji, Tumpale mgongoni. Nikasikia kikohozi. Nikasikia chubwi. Alikuwa ameshasimama matopeni, akiitazama milima.

Nikasimama njiani.

"Ugonile, tata," nikamsalimia, nikimwita baba.

Aligeuka polepole. "Ugonile, mwanangu. Mtoto amelala?"

"Amelala. Ndaga fijo, tata."

"Aa, mshukuru Mungu. Mimi nilikuja kumfuata ndama." Akacheka kidogo. Lakini hakupanda njiani. Alibaki palepale, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akaninyooshea mkono nipite kwanza.